Kaka Juu ya Wimbi

Mwanatumu halali, anapumzisha macho tu. Ndivyo anavyojiambia kila siku baada ya chakula cha mchana, akiwa ameegemea kiti chake katika chumba cha kuhifadhia filamu za zamani, na kila siku ndivyo anavyojidanganya. Leo amechoka kupita kawaida. Nyuma yake projekta inakoroma, na ukutani vijana wa zama za ujana wa kaka yake wanateleza juu ya mawimbi, wamesimama wima kwenye mbao ndefu, vifua wazi, nywele zimekakamaa kwa chumvi. Mkanda unanuka siki. Mkanda ukishanuka siki umeoza, tena huiambukiza mikanda jirani, kwa hiyo mkubwa wa ofisi ameamua kwamba leo hii utupwe. La kuvunda halina ubani, na Mwanatumu hakubishana naye. Aliomba tu autazame mara moja ya mwisho, na ni mara moja kweli, kwa sababu kila kipande kinachopita kwenye mashine kinaangukia sakafuni kimekatikakatika. Humo ndani yumo Masudi, kaka yake, na hakuna picha nyingine ya Masudi popote duniani. Na kwa uchovu wake amefanya kosa ambalo watu wa kazi hii huona haya kulikiri: hakuangalia kama aliyeutazama kabla yake aliurudisha mwanzo. Hakuurudisha. Sasa mkanda unaanzia mwishoni, mawimbi yanajikunjua na kurudi baharini, vijana wanateleza kinyumenyume kutoka ufukweni kwenda kwenye kina. Anataka kuinuka aizime mashine. Miguu inakataa. Anafumba jicho moja, kisha la pili, na ukuta unafunguka.

Anaingia. Barabara ni ya mchanga uliolowa, haina mwanzo, na kandokando yake kuna vitundu vya mraba vilivyopangana, sawa na vile vya kingo za mkanda, na kila kitundu kinapitisha mwanga. Anatembea mpaka anafika kijijini kwao. Anakivuka, na mbele yake anakuta kijiji chao tena, na baada ya hicho kingine, na vyote vina jua lile lile la dhahabu ambalo halipandi wala halishuki, na watu wote wanakwenda kinyumenyume huku wanacheka, na moshi unashuka kutoka angani ukiingia mafigani. Kila anapopiga hatua kwenda mbele anajikuta nyuma ya pale alipokuwa. Mtu mmoja anaandamana naye, mrefu, shati la kaki, na mahali pa uso pake ni laini mithili ya kiganja, hapana jicho wala mdomo. Lakini Mwanatumu anamjua. Anamjua kwa sauti, sauti tamu ya polepole, kama ya mtu anayewaeleza wenzake habari za peponi. Ndiye msimulizi wa filamu, ambaye amemsikia mara mia na hajapata kumwona, kwa kuwa hakujitokeza kwenye picha hata mara moja. Kijiji hiki ni kipi, anamuuliza. Ni kile ulikotoka. Na kile cha mbele? Ni kile unachokitaka. Mbona vinafanana? Kimoja kiliwahi kuwa na nzi, anajibu yule mtu, na anaendelea na safari yake.

Hapo Mwanatumu anachomwa na hasira, ingawa hata hasira yake imechoka. Anamwambia asimletee mafumbo, yeye alikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu wageni walipokuja na kamera yao kupiga filamu hii. Walikaa majuma matano na mawimbi ya maana yalikuja siku sita tu, siku nyingine bahari ililala kama mkeka, wakashinda chini ya turubai wakila muhogo wa kuchemsha na kugombana kwa sababu ya sigara. Nani aliyewashikia mwavuli juu ya kamera mpaka mkono ukafa ganzi? Mbona yeye hayumo kwenye filamu? Nimekukata, anasema msimulizi, wala hasemi kwa ubaya. Humu waliochoka hawamo. Anaeleza kwamba hata sasa wapo watu mbali huko, kwenye miji ya baridi, wanaoutazama ufuo huu na machozi yakawatoka, na hawajapata kuukanyaga. Mwanatumu anataka kuwacheka watu hao, ila kicheko hakiji. Yeye aliukanyaga, na naye akiulilia hazililii siku zile za muhogo na mbu. Anaililia filamu. Anayakumbuka mawimbi ambayo hakuyaona, kwa kuwa siku zile jua lilikuwa machoni na mkono ulikuwa unauma. Hilo linamtia aibu, na anakwenda mwendo mrefu, kijiji baada ya kijiji, mpaka anapata nguvu ya kuuliza lile lililomleta. Masudi yuko wapi? Yuko anakotoka, anajibu asiye na uso, na anamwonyesha bahari.

Anamkuta ufukweni, ana miaka ishirini na miwili, ubao kwapani, maji yanamchuruzika kwenda juu. Mwanatumu anasimama. Anajua wazi anachokitaka, amekijua tangu alipoanza kuajiriwa kutunza mikanda. Wageni walipofunga mizigo na kuondoka, walimwachia Masudi ubao mmoja. Alikuwa amemwahidi mdogo wake kwamba atampandisha juu ya ubao huo, akaahirisha leo, akaahirisha kesho, na asubuhi ile akaushika ubao na kutoka peke yake. Mwanatumu alikuwa akifagia uani. Kwao mdogo humwamkia mkubwa kabla ya neno lolote, na hakuna asubuhi hata moja aliyokuwa ameshindwa kumwamkia kaka yake. Siku hiyo alinuna. Aliinamia ufagio na kujifanya haoni. Masudi alisimama, akangoja, akatabasamu, akaenda zake. Jioni bahari iliurudisha ubao peke yake. Miaka hamsini sasa ile shikamoo imekaa kooni mwa Mwanatumu, haimezeki wala haitoki.

Anasogea aitoe. Lakini Masudi ameshamwona, na anachokiona ni mwanamke mtu mzima, mvi zimechungulia kwenye kanga, mgongo umeanza kupinda. Anainamisha macho kama kijana aliyelelewa vyema. Shikamoo, bibi.

Hajawahi kusikia neno zito kama hilo. Akiitikia, amekubali kwamba yeye ndiye mkubwa, kwamba huyu aliishia pale na yeye akaendelea, akaolewa, akazaa, akazika, akazeeka bila ya kaka. Asipoitikia, itakuwa mara ya pili amemwacha kwenye mchanga huu akingoja. Anageuka kumtafuta msimulizi amwambie la kufanya, na msimulizi hayupo, imebaki sauti yake tu inayosifia rangi ya maji. Na Masudi ameanza kuvutwa. Anarudi nyuma, maji ya vifundoni, maji ya magotini, na macho bado yapo kwake, yanangoja. Marahaba, anasema Mwanatumu. Marahaba, mwanangu. Uso wa kijana unakunjuka, wimbi linamwinua, na yumo juu yake, amesimama, mikono wazi, mgongo umeelekea kina, na ni kweli ni mzuri, mzuri kama kwenye filamu, mzuri kuliko alivyokuwa. Mwanatumu anaingia majini na kanga zake. Kaka, anaita, ni mimi, ni Tumu. Vitundu vya kando ya barabara vinazimika kimoja kimoja.

Projekta inazunguka tupu. Ukutani pamebaki mraba mweupe, na sakafuni vipande vya mkanda vimejaa hadi kwenye vidole vyake vya miguu. Mlangoni amesimama Mejumaa, msichana wa ofisi, aliyekuja kuuchukua mkanda ukatupwe. Mwanga wa dirisha la ukumbini uko nyuma yake na uso wake hauonekani. Bibi, anasema, umeniitikia kabla sijakuamkia. Mwanatumu anatazama pale ambapo uso ungekuwa, anatazama kwa muda, na hana hakika kama ametoka au ameingia tu kijiji kingine. Viungo vyote vinamuuma. Anamsikia Mejumaa akipita, anauona mkono wake ukielekea kwenye swichi. Basi anainuka, anaweka kanga yake vizuri kichwani, anaugeukia ukuta mweupe na kuinama kidogo.

Shikamoo, kaka.

Mwanga unatetemeka. Mejumaa anauliza kama sasa anaweza kuizima mashine.

Usizime bado, anamwambia. Hajaitikia.