Mkanda wa Gauni la Wodini

Katika miaka yote aliyokaa nyumba moja na baba mkwe wake, Bi Pindo hakuwahi kuyaona hata magoti ya yule mzee. Alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni. Hata kuchukua gazeti mlangoni alikuwa haendi na kandambili, anavaa viatu na soksi. Naye Bi Pindo, kila akipita mbele ya chumba cha mzee, huangalia chini na kukohoa kidogo ili ajulikane anapita. Ndivyo walivyoishi, kwa heshima na kikohozi, na hakuna aliyelalamika.

Sasa mtu wa namna hiyo, ndiye aliyepatwa na ngiri.

Uvimbe ulimtokea kinenani, akauficha mpaka ulipoanza kumkunja uso mezani. Mwanawe, mume wa Bi Pindo, alimbembeleza wee, hatimaye akakubali kulazwa katika hospitali ileile ambayo Bi Pindo alikuwa fundi wake wa nguo. Jina hilo la Pindo alipewa na wenzake wa dobi, mahali pa kufulia nguo, kwa vile hawezi kuona pindo limefumuka akalipita. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dobi, kina cherehani mbili, meza ya kukatia na joto la pasi. Humo ndimo yalimotoka mashuka, mapazia, na yale magauni ya wagonjwa ya kitambaa cheupe chepesi, wazi mgongoni, mkanda mmoja shingoni na mwingine kiunoni. Ule wa kiunoni ulikuwa haukawii kukatika, na yeye alijua. Yeye na wenzake walikuwa na utani wao: mbele mgonjwa, nyuma maonyesho. Walicheka sana, kwa kuwa aliyekuwa ndani ya gauni hakuwa mtu wao.

Siku ya upasuaji mzee alitakiwa kwanza akapigwe picha ya kifua. Akaletewa kiti cha magurudumu, akakikataa, akasema miguu anayo. Bi Pindo alitoka mlango wa stoo na rundo la mashuka mpaka kidevuni, na mbele yake koridoni kulikuwa na mzee mmoja anatembea wima kama yuko gwaride, mkanda wa kiunoni umekatika, gauni limefunguka lote nyuma. Macho hayana pazia. Kabla hajamtambua alikwisha kuona. Ndipo mzee akageuka.

Alirudi wodini, akavaa suruali yake na shati lake, akafunga vifungo vyote, akaenda nyumbani kwa miguu.

Tangu hapo akawa anakula chumbani kwake. Daktari alimwita mume wa Bi Pindo akamweleza waziwazi kwamba utumbo ukinaswa mle kwenye ngiri utaoza, na hapo hakutakuwa na muda wa kubembelezana. Mume akaenda kumkumbusha baba yake kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Mimi sikuficha maradhi," mzee alimjibu. "Nimeficha makalio. Heri nife nimevaa."

Mume alimsimulia mkewe akicheka, kisha kicheko kikamkauka. Bi Pindo hakucheka kabisa. Gauni lile alilishona yeye, na mkanda ule aliupitisha sindano mara moja tu, siku ya haraka zake. Alihisi kama yeye ndiye aliyemvua mzee watu wakiona, na sasa mzee anakwenda kufa kwa ajili ya uzi.

Akaamua kushona gauni jingine, litakalomrudisha yule mzee hospitali.

Alianza kwa sista wa wodi ya wanaume, mama mnene asiyependa maneno mengi. Sista akamwambia kuwa akimkimbilia mgonjwa anataka afike kwenye mkono, kifua na kidonda bila kummenya kama ndizi. Bi Pindo akaenda akakata karatasi, akakata kitambaa, akafumua, akakata tena. Mabega aliyaweka vifungo vya kubonyeza, ili dripu na kipimo cha presha vipite pasipo kuvua. Mgongo akaupa mikunjo miwili inayopishana, mmoja juu ya mwenzake, na mkanda wake ukazunguka mpaka nyuma ya nyonga, mahali ambapo mpita njia hawezi kuuvuta kwa bahati mbaya. Kisha akamvalisha mumewe sebuleni. Alimtembeza, akamwinamisha, akamkalisha, akamrusharusha, wala hapakufunguka kitu. Hakumlaza.

Hapo angeishia angekuwa salama. Lakini alikuwa akimfikiria mzee usiku na mchana, na akakumbuka kuwa mwanamume wa umri ule akitoka kwenye upasuaji huenda akavuja mkojo. Nani angependa doa lake lisomwe na wodi nzima? Basi akachagua kitambaa cha buluu iliyokoza, karibu na nyeusi, na kuanzia kiunoni kushuka akakifanya maradufu. Maji aliyojaribu kuyamwaga juu yake hayakuonekana. Aliona fahari, na ilikuwa haki yake kuona fahari.

Sista alilisugua gauni kati ya vidole. "Mbona rangi nzito hivi, mwenzangu? Sisi huku tumezoea nyepesi."

"Wagonjwa nao wana aibu zao, dada," Bi Pindo akasema.

Sista alitaka kujibu, akaitwa kitandani, na maneno yakaishia hapo.

Mengine kadhaa ya namna ile yakashonwa kwa ajili ya wodi, na lile la kwanza likapelekwa nyumbani limefungwa kwenye mfuko. Mzee alijifungia nalo chumbani muda mrefu. Alipotoka alikuwa amelivaa juu ya suruali, akaenda mpaka kwenye kioo cha ukumbini, akajigeuza polepole kama mtu anayekagua behewa. Bi Pindo alikuwa jikoni, anasikiliza. Alisikia mzee akimwambia mwanawe kuwa hii sasa ni nguo ya mtu. Kesho yake alikubali kurudi hospitali, na upasuaji ukaenda vizuri.

Asubuhi iliyofuata, wakati wa chai, Bi Pindo alipita wodini na chupa. Alikusudia kumwachia sista mlangoni, ila sista hakuwepo. Alikuwa mwisho wa wodi nyuma ya pazia, yeye na wauguzi wake wote, wanahangaika na majeruhi wa ajali. Bi Pindo akakohoa, akaingia.

Mzee alikuwa amelala ameelekea ukutani. Rangi ilikuwa imemtoka, na jasho limemjaa shingoni.

"Sijambo, mkwe," alisema kabla hajaulizwa, kwa sauti ndogo. "Nenda kazini."

Pindo la gauni lilikuwa limetokeza chini ya blanketi, limening'inia ubavuni mwa kitanda. Mtu mwingine angeona nguo tu. Bi Pindo aliona kitambaa kilichonyooka kupita kiasi. Kitambaa kikavu hucheza, hiki kilikuwa kimetulia kwa uzito. Akajua mzee amejikojolea, na, haya ndiyo yaliyomsumbua baadaye, akafurahi. Alifurahi kwamba gauni lake limemsitiri na kwamba hakuna aliyejua. Akageuka aondoke amwachie mzee siri yake. Ila mkono wake hauwezi kuliacha pindo likining'inia. Ulikwisha kulishika ulirudishe ndani ya blanketi, na vidole vikarudi vyekundu.

Aliita sista. Sauti nyuma ya pazia ikajibu kuwa wanakuja, na kwa namna ilivyojibu, ilikuwa wazi kwamba hawaji sasa hivi.

"Baba, nisamehe," alisema, akafunua blanketi.

Macho ya mzee yalikuwa yamefumbwa. Bi Pindo alimwomba Mungu mzee awe amezimia, na papo hapo akamwomba asiwe amezimia. Alitafuta mkanda. Mzee alikuwa ameulalia. Ikambidi aingize mkono chini ya nyonga ya baba mkwe wake, mkono mpaka kwenye kiwiko, apapase fundo lililolowa, fundo alilomfundisha mumewe amfungie baba yake ili lisije likafunguka. Halikufunguka. Vidole viliteleza, vikarudi, vikateleza tena, na yeye akawa anajilaani kwa sauti. Mwisho akakumbuka mkasi wa nyuzi mfukoni mwa aproni. Akakata mkanda, akakata ile maradufu yake iliyoshiba damu, akafika kwenye kidonda. Alikunja taulo akaibana kwa mikono miwili na uzito wake wote. Safari hii hakuangalia chini wala hakukohoa. Aliangalia palepale, maana angeangalia pembeni mkono ungeteleza.

Alipiga kelele sasa, kelele ya mtu aliyefiwa, na sista akaja mbio. Mzee alirudishwa chumba cha upasuaji, mshipa ukafungwa, akaongezwa damu, akapona. Ilijulikana baadaye kuwa tangu alfajiri alihisi umajimaji, akadhani ni mkojo, akanyamaza kwa haya. Mwuguzi alipopita kuchungulia aliona mzee msafi kavaa vizuri, akaenda kwa wengine.

Siku hiyohiyo sista na Bi Pindo walipita kitanda kwa kitanda wakikusanya yale magauni ya buluu. Sista hakumgombeza. Alisema tu, "Ile rangi nyepesi ndiyo jicho letu la pili. Nilipaswa kukwambia siku ile," na akamsaidia kubeba. Bi Pindo angependa zaidi agombezwe.

Nyumbani, mume alikata shauri kuwa baba aambiwe ni sista aliyemfungua. Mzee akijua ukweli, alimwambia mkewe, hatakaa tena nyumba moja naye. Sista naye akakubali kuubeba uongo huo. Mzee alipoambiwa aliitikia kwa kichwa, akamshukuru sista kwa adabu zote, na jambo likaonekana limekwisha. Bi Pindo akawa haingii wodini. Chai alikuwa akiiacha mlangoni na kuondoka haraka. Alikuwa na hofu kwamba macho yake yatasema, na hakushona kitu siku zote hizo.

Siku moja kabla ya kuruhusiwa, mzee alituma aitwe.

Alimkuta amekaa kitandani amegeukia dirisha, na shati lake mwenyewe limefungwa mpaka shingoni. Bi Pindo alisimama mbali, chupa ya chai mkononi, macho sakafuni. Mzee akauliza kama magauni yale atayashona tena. Akajibu hajui.

"Yashone," mzee akasema, bado anatazama dirisha. "Nyeupe. Mikunjo iache kama ilivyo, mikunjo ni mizuri."

"Ndiyo, baba."

"Na mkanda uulete mbele, mkwe. Siku ile ulihangaika nao sana."

Bi Pindo aliinua macho, akasogea bila kukohoa, akammiminia chai.