Siku Mbili za Tanuri

Hivi wewe umewahi kunyamaza kwa hasira mpaka meno yakauma? Mimi nilinyamaza hivyo kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, kwa ajili ya mjukuu wangu.

Shule nimeishia darasa la saba, ila kazi yake naijua, hunieleza akinisuka nywele. Anachukua kipande cha antimoni, metali fulani, kinang'aa, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mashine inachomeka ndani yake atomi ngeni, chache mno. Umeme wa atomi za antimoni zilizo jirani unamsukuma kila mgeni, upande huu sana, upande ule kidogo, basi kiini chake kinayumba. Ukipima anavyoyumba, unajua majirani wamekaaje. Lakini kule kuchomekwa kunavuruga safu za majirani. Kwa hiyo kipande kiokwe kwanza kwenye tanuri, siku mbili kamili, kila mmoja arudi mahali pake.

Jumamosi saa sita mchana mjukuu alikuwa amekwenda kuoga. Kipande kilikuwa na siku moja tu ndani ya tanuri. Mimi nimekaa kwenye benchi la korido ya maabara nikimsubiri, akapita bosi wake, wanayemwita Haraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akaingia, nikamwona kupitia kioo anafungua tanuri na kukitoa kipande. Alipotoka nikamuuliza, "Mbona mapema, mwanangu?"

"Jumatatu nina wageni wa kuwaonyesha grafu, na kupima kunakula karibu siku mbili. Siku moja ya tanuri inatosha."

"Mwenyewe anajua?"

"Mwenyewe ni mimi, bibi."

Nikamwambia mjukuu. Akakaa chini palepale kwenye sakafu. "Nyamaza tu, bibi. Yeye ndiye anayesaini shahada yangu."

Nikanyamaza. Nilifua mashuka yasiyo machafu.

Jumatatu nikampelekea mjukuu chai, mlango wa chumba cha mkutano uko wazi. Ukutani palipotakiwa grafu yenye mawimbi, mstari umelala kama kamba iliyolegea. Kila atomi ngeni ilikuwa imeyumba kivyake. Wageni watano wanautazama.

"Huyu binti tanuri limemshinda," Haraka akasema. "Hana subira. Kazi hii nitampa mwingine."

Mjukuu anatazama viatu vyake. Miaka mitatu ya kazi hiyo, na mtu anaigawa kama maandazi. Nikaitua chupa ya chai mezani, ikalia.

"Bibi, hapa kuna mkutano."

"Naona. Na aliyeepua chungu kibichi yumo mkutanoni."

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Haraka akamgeukia mjukuu. "Bibi yako anasemaje?"

Mjukuu akasimama. Mikono akaishika nyuma.

"Anasema kweli. Ulikitoa wewe, Jumamosi saa sita, siku moja kabla ya wakati. Mimi niliogopa saini yako nikakaa kimya." Akavuta pumzi. "Nataka kipande kipya. Nataka nikioke siku mbili, nipime mwenyewe. Na kazi hii ni yangu, simwachii mtu."