Vidole Chini ya Leso

Kabla Aunty Wangui awaletee story yake, wacha niwaambie yangu, juu yangu ndiyo ya ukweli na pia ndiyo tamu. Mimi ndio yule msichana wa Kianyaga mwenye mnaskia ati alijifunua leso kwa ruracio yake mwenyewe, siku ya kuletewa mahari, mbele ya wakwe. Eeh, ni mimi. Watiri. Niko mzima, na bado nakula ile mukimo ilibaki.

Lakini inaanza na news ingine poa zaidi. Mwezi wa nne nilienda kuona daktari wa mambo ya akili hapa Nyeri. Mama mmoja mpole, ofisi yake haina redio, haina hata maua ya plastiki. Akaniuliza maswali yenye hakuna mtu amewahi niuliza tangu nizaliwe. Nilirudi kwake mara kadhaa, mwishowe akaniambia, "Watiri, wewe uko na autism." Kwa TV wanaitanga usonji. Ati si ugonjwa ya kumeza dawa ipone, ni vile kichwa yangu ilijengwa.

Weh! Nilitoka hapo nikicheka peke yangu kwa barabara mpaka watu wa boda wakanigeukia. Juu maisha yangu yote imekuwa kesi! Mbona unachambua githeri, mahindi huku, maharagwe huku, kwani unapanda? Mbona unakata lebo kwa nguo zote? Mbona wageni wakija kusalimiana unajifungia choo? Na vidole, ngai, vidole! Kidole gumba yangu inagusa zile zingine moja moja, inaenda mpaka mwisho, inarudi. Kukiwa na kelele zinacheza, nikifurahi zinacheza. Aunty Wangui, dadake dad, alikuwa ananichapa hiyo mikono na mwiko nikiwa mdogo. Kumbe sikuwa na makosa! Nilikuwa tu mimi, na kuna jina.

Sasa mimi news haikai kwa mdomo yangu. Nikaambia boss wa agrovet, ile duka ya dawa na chakula ya mifugo kwenye nafanya kazi, nikaambia landlady, nikapigia mum. Mum nikamskia akifunga mlango kwanza.

"Hiyo maneno usiambie mtu mwingine mpaka tumalize ruracio," akasema.

"Nimeshaambia Kyalo."

"Ngai fafa, Watiri!"

Kyalo ndio nilikuwa naolewa na yeye. Mwalimu wa fizikia huko Kagio, Mkamba, mrefu, mtaratibu, haongei akitafuna. Nilipomwambia hakushtuka. Aliangalia vidole zangu zikicheza juu ya meza, akaweka mkono yake kando, bila kunigusa. Akasema, "Si hata mimi nilikuwa nimeona. Ile siku ya ruracio wakiwafunika, wengine watapotea. Mimi nitakujua na hizo vidole tu."

Kwa wenye hawajui: kwetu siku ya ruracio, bibi harusi na wasichana wengine wanafunikwa leso kutoka kichwa mpaka chini, wanapangwa line, na bwana anafaa kumtambua wake. Akifunua mwenye si wake, anapigwa faini ya crate ya soda, anajaribu tena, na anachekwa hadi wajukuu wake wataambiwa. Ni mchezo. Lakini mimi mtu akisema kitu, naichukua vile imesemwa. Kyalo alisema atanijua na vidole. Nikajiambia, basi hiyo ndiyo ndoa yangu. Akinijua hivyo mbele ya watu wote, niko kwangu.

Shida ilikuwa mama yake.

Mama Kyalo ni nurse amestaafu, anakaa Murang'a, na hakuwa amenisamehe ile siku ya kwanza. Nilienda kwake akaniambia, "Jisikie nyumbani." Nikajisikia. Nikazima TV yake, juu ilikuwa inapiga kelele na hakuna mtu alikuwa anaangalia, nikaenda nikalala kidogo kwa bedroom ya wageni. Nilipoamka nilipata watu wa kanisa kwa sitting room wamekaa kimya kama matanga. Kwani angesema tu "keti hapo" ingemgharimu nini?

Sasa niliporudi nikampea hiyo news kabla hata chai ifike kwa kikombe.

"Autism?" akasema. "Hiyo ni ya watoto. Nimefanya kazi hospitali miaka yote, sijawahi ona mtu mzima amevaa viatu akija kuniambia ako na autism."

"Na hao watoto huwa wanaenda wapi wakikua?"

Akaweka birika chini pole pole. "Skiza, msichana. Kwa hii familia hakuna mtu atajua hiyo maneno. Na hiyo mikono, siku yenye ndugu za bwanangu watakuja, sitaki kuiona ikifanya hivyo. Watasema nimechukulia kijana wangu mgonjwa."

Kyalo alikuwa hapo. Alikuwa anaangalia sukari. Nilipomuuliza kwa njia mbona hakusema kitu, akasema, "Mum huwa hivyo. Atazoea." Nikaichukua vile ilisemwa.

Siku yenyewe ikafika. Wamama wa Kianyaga walikuwa nyuma ya jikoni wakimenya waru, viazi za mukimo, na kumenya mimi pia, naskia kila kitu. "Ndiye huyo mwenye ako na ile kitu ya kichwa." "Si alisoma college?" "Ndio ilimharibu sasa!" Wanacheka na visu mkononi. Aunty Wangui akanivuta ndani kunivalisha, na leso alikuwa amenunua ni mpya, ile ya nailoni, inanuka duka, inakwaruza shingo.

"Aunty, hiyo siwezi. Niko na yangu ya pamba, imefuliwa."

"Utaweza. Leo utaweza kila kitu." Akashika vidole zangu akazikunja kama mtu anafunga mandazi kwa gazeti. "Hii nayo ikicheza leo, mimi mwenyewe nitaikata. Unaskia? Umetuaibisha ya kutosha na hiyo ugonjwa yako ya kununua."

"Sikununua. Nilipimwa."

"Lakini mdomo unao!" Na akanifunika hapo hapo, nikiwa katikati ya kujibu.

Tukatolewa. Sophie, cousin yangu, alikuwa nyuma yangu, anacheka chini ya leso yake. Kwa tent kulikuwa na spika mbili kubwa na ngemi, vigelegele za wamama, zinapasua masikio, na hiyo nailoni inaniingia mdomoni nikivuta pumzi. Nikasimama na mikono imekunjwa. Nikajaribu. Haki nilijaribu. Alafu nikafikiria, nikiituliza, Kyalo atanijuaje?

Nikaachilia vidole.

Zikacheza. Zinaenda, zinarudi. Nikaskia leso inatingika hapa kwa kiuno, na kelele ikarudi nyuma kidogo, nikapata hewa. Chini ya leso nilikuwa naona tu ardhi na viatu. Nikaona viatu vya Kyalo, zile brown, zinapita msichana wa kwanza, zinapita wa pili, zinakuja, zinasimama mbele yangu. Nikacheka kimya kimya. Amenijua!

Akainama karibu na sikio yangu.

"Tuliza mikono," akaninong'oneza. "Mum anaangalia."

Na viatu zikaondoka. Hatua moja, kwa Sophie. Nikaskia leso ya Sophie ikivutwa na tent nzima ikalipuka.

"Amekosa!" Theuri, binamu ya dad mwenye alikuwa anashika mic, alikuwa anaruka. "Mkwe wetu hajui bibi! Faini! Leteni soda!" Wamama wakapiga ngemi, wazee wakacheka, na mimi nimesimama hapo ndani ya nailoni kama gunia.

Nikajifunua mwenyewe.

Mnajua hiyo haifanywangi. Kelele ilikatika vile stima hukatika.

"Hakukosa," nikasema. "Alinijua, akanipita."

"Watiri, tutaongea baadaye," Kyalo akasema. Jasho imemtoka. Bado alikuwa ameshika leso ya Sophie.

"Ulinijua ama hukunijua?"

Si ni swali rahisi? Ndio ama hapana. Lakini Kyalo kwanza aliangalia mama yake, na mama yake, hapo kwa kiti ya mbele, akageukia ndugu za bwanake akasema, na si kwa sauti ya chini, "Mnaona sasa? Kijana wangu nilimwambia."

Hapo ndipo Theuri akafanya makosa yake. Alitaka kuokoa mambo. Akaona mambo inaharibika, akaamua kukimbilia mwisho, ile swali yenye jibu huwa moja tu tangu zamani. Kwetu baba hawezi pokea kitu ya wakwe kabla msichana aulizwe mbele ya watu. Na msichana huangalia chini, anasema ndio na sauti ya panya, wanapiga ngemi, wanakula.

"Tusichelewe wageni!" Theuri akasema kwa mic. "Baba Watiri, uliza msichana!"

Dad akasimama. Dad ni mtu wa maneno kidogo, na siku hiyo alikuwa anaangalia mikono yangu. "Watiri," akasema. "Hawa watu wameleta vitu. Tukule, ama tusikule?"

"Sema ndio," Aunty Wangui akanifinya kwa nyuma. "Sema ndio wewe!"

Vidole zangu zilikuwa zinacheza, wazi, kila mtu anaona.

"Msikule," nikasema.

Dad akakaa chini. Basi. Ameuliza, amejibiwa, na hakuna mzee kwa hiyo tent angeweza kumeza hata ile asali wakwe walileta. Mbuzi zikarudishwa kwa pickup, blanketi zikarudishwa, Mama Kyalo akaingia kwa gari bila kuaga mtu. Lakini nyama yenye sisi tulipika wenyewe, weh, hiyo wageni walikula yote. Walinitukana wakitafuna. Mzee mmoja hata akaniambia nimelaaniwa na akaomba chumvi.

Sasa Aunty Wangui anataka niende Murang'a kupiga magoti, nimevaa ile ile leso. Mum haongei na mimi, anatuma tu Sophie. Na jana Kyalo akatuma message: "Ungengoja tu. Nilikuwa nirudi kwako raundi ya pili. Ulikuwa mchezo."

Nikamjibu: "Kama ulikuwa mchezo, mbona ulininong'oneza?"

Ameisoma.

Mimi nimerudi Nyeri, niko kwa agrovet. Leo asubuhi mteja mmoja ameniangalia mikono juu ya counter akauliza, "Kwani wewe unahesabu nini?"

Nikamuuliza anataka dawa ya kupe ama ya minyoo. Ile leso ya nailoni nimeitandika chini ya magunia ya dairy meal, pale nyuma kwenye maji huingia.