Duka la Makopo Matupu

Hakuna aliyehitimu katika chuo kile cha biashara bila kwanza kugombana na Mama Chenji juu ya kopo tupu. Chuo chenyewe kilikuwa kikongwe kuliko lami iliyopita mbele yake, na chumba cha mwisho wa korido kilikuwa duka la mazoezi: kaunta, mizani, na rafu zilizojaa makopo ya maziwa, madebe ya mafuta na maboksi ya sabuni, vyote vitupu, vingine vilimalizwa kabla wanafunzi hawajazaliwa. Nusu ya darasa iliuza, nusu ikanunua, na Mama Chenji, mwalimu wao, mwenyewe akawa mteja mkorofi. Sheria yake ilikuwa moja: ndani ya mlango ule, atakayesema "si kweli, tunaigiza" anatoka nje.

Muhula ulipoanza, mkuu wa chuo, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, alimwita ofisini.

"Mwalimu wangu, siku hizi watu wanauza kwa simu. Vyuo vya jana na juzi vinatunyang'anya wanafunzi mchana kweupe. Bodi imetenga fedha za ukarabati, na kile chumba chako nataka kukifanya cha kompyuta."

"Na mimi unanifanya nini? Kibodi?"

Mkuu alicheka, akageukia makaratasi yake. Bila chumba kile Mama Chenji hakuwa na somo, na bila somo alikuwa bibi mwenye mdomo tu.

"Nipe muhula huu," alisema. "Duka langu nalo litaingia mtandaoni. Likishindwa, bomoa."

Wanafunzi walichangamka. Walipiga picha kila debe, wakapanga bei, wakaweka mtandaoni pamoja na namba ya simu ya chuo. Neno "mazoezi" hakuna aliyeliandika. Nani angethubutu, na sheria ya mwalimu waliijua? Oda zilipoanza kuingia walidhani ni wenzao wa darasa la pili, wakajibu kwa sukari tele: "Mzigo wako uko njiani, mteja wetu mpendwa."

Asubuhi moja mlango ukasukumwa, akaingia mwanamke mwenye aproni, jasho likimtiririka. Nyuma yake mchukuzi alikuwa akihangaika na mkokoteni uliokwama mlangoni.

"Mafuta yangu yako wapi? Tangu jana yako njiani! Njia gani hiyo, ya kwenda mwezini? Mimi nina mgahawa, wateja wangu wanatafuna meno!"

Muuzaji wa zamu, ambaye siku zote mdomo wake ulienda kama cherehani, alianza kuikagua dari. Mwenye mgahawa akanyakua debe rafuni kwa nguvu zake zote. Nusura limpige usoni kwa wepesi wake.

"Tupu!" Akachukua jingine. "Na hili tupu! Nyinyi ni matapeli au wachawi?"

Mama Chenji alikuwa na jibu la kila mteja mkorofi. Lakini miaka yote ile mteja mkorofi alikuwa yeye, na yeye hakuwahi kuwa na watu wenye njaa wanaomsubiri.

"Dada yangu," alisema hatimaye, "si kweli. Tunaigiza."

Wanafunzi wakatazamana, kisha wakatazama mlango kuona kama mwalimu atatoka. Na kweli alitoka. Alivuka barabara hadi duka la jumla, akarudi na madebe mawili yaliyojaa, mchukuzi akihema nyuma yake.

"Haya," alisema mwenye mgahawa, sauti ikiwa imeshuka, "lakini humu mnafundisha nini, jamani?"

"Swali zuri. Ndiyo kwanza naulizwa."

Mwalimu alipofika ofisini kwa mkuu, habari zilikuwa zimeshamtangulia. Mkuu alikuwa ameandaa maneno ya kumfariji.

"Walete mafundi," Mama Chenji alimwahi. "Ng'oa rafu zote."

Mkuu akamtazama kama aliyesikia vibaya.

"Ila kompyuta ziwe nusu chumba. Nusu nyingine tia mafuta, unga, sabuni, vitu vyenyewe. Wauze kwa simu na kwa mdomo, na mzigo ukichelewa wakutane na mwenye njaa."

"Na tukipata hasara?"

"Mtapata. Mimi nimekuwa nikiwapa maksi wafanyabiashara ambao hawajawahi kupata hasara. Umewahi kuona kichekesho kama hicho?"

"Bodi niliiahidi chumba kizima. Halafu wewe mwenyewe mambo ya mtandao unayajua?"

"Sijui hata pa kubonyeza. Nitakaa dawati la mbele na wanafunzi, na atakayenicheka nitamkomesha kwenye kaunta."

Simu ya mezani ikalia. Mkuu akasikiliza, kisha akaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Yule wa mgahawa. Anataka mafuta mengine kesho, na kwa usumbufu wa leo anasema tumpunguzie."

Mama Chenji akamtazama. Mkuu akakuna kichwa, akachukua kalamu, akaondoa kiganja.

"Kesho saa ngapi, mama?" Akasikiliza tena, macho yakamtoka. "Nusu bei? Hapana, mama, hapana!" Akamgeukia mwalimu wake, akinong'ona: "Nimwambieje?"

"Wewe ndiye muuzaji sasa, mwanangu," alisema Mama Chenji, akavuta kiti na kuketi vizuri. "Bishana naye."