Kijani Kimoja

Elieza aliuawa asubuhi ndani ya shamba lake mwenyewe, akiwa ameshika mkia wa ng'ombe asiye wake. Ng'ombe mmoja alikuwa amekwisha kumkata mshipa wa mguu kwa panga, na alikuwa anamvuta wa pili rungu la mfugaji lilipompata yeye kisogoni. Hakuinuka tena. Jua lilipopanda, kijiji kizima cha Mlali kilikuwa kimetoka na mishale, mikuki na mapanga, mazizi yalikuwa yanawaka, na Optatus, kijana wa watu aliyekimbilia katikati ili asuluhishe, alikuwa amefungwa kamba ya katani kwenye nguzo ya ghala la kijiji, sikio moja likining'inia.

Habari zilimfikia Salha akiwa Dodoma mjini, ofisini, katikati ya kikao cha mtandaoni. Salha ndiye mratibu wa mtandao unaounganisha vituo vya kuangalia mazingira vya nchi kumi na mbili za Afrika. Picha za setilaiti, vipimo vya mvua, vipimo vya unyevu wa udongo, vyote huletwa kwake, huchanganywa, kisha wafugaji kuanzia Niger mpaka Botswana hupata meseji ya kuwaambia malisho yako wapi. Ni kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Wapo watu ambao mifugo yao ingekuwa mizoga leo kama si meseji hizo. Lakini kazi nzuri haimzuii mtu kufanya ubaya ndani yake, na ubaya wa Salha aliufanya kwa kupiga makofi.

Ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia nchi hizo zilikutana kuunganisha ramani zao, zikagombania rangi. Wengine walikuwa na kijani cha kila namna, wengine walikuwa nacho kimoja tu. Salha alitaka mazao yanayobaki shambani baada ya mahindi kuvunwa yapewe rangi yake peke yake. Alikuwa anafikiria mbaazi, maana amekula mbaazi za Kongwa tangu utotoni na anajua zinavyositawi wakati kila kitu kimekauka. Wenzake wakalalamika kwamba rangi ya nyongeza itachelewesha bara zima. Wakati wa chai mwenyekiti akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba akilegeza kidogo, makao ya uratibu yanaweza kuja Dodoma. Akalegeza. Kijani kikawa kimoja, na maana yake ikawa malisho. Ukumbi ukapiga makofi, naye akapiga.

Sasa, Mlali wana desturi yao. Mahindi yakishavunwa, mashamba hufunguliwa. Mfugaji huingiza ng'ombe wale mabua, mkulima hubaki na samadi, na hakuna anayemdai mwenzake. Ila wengi hupanda mbaazi katikati ya mahindi, na mbaazi huchelewa kukomaa. Shamba la namna hiyo halifunguliwi mpaka mwenyewe aseme. Mfugaji jirani analijua hilo. Mfugaji wa mbali atalijuaje? Nyanda zote zilipokauka, setilaiti iliona kijani Mlali, na meseji ikaenda: malisho mazuri yapo Mlali, wasiliana na Optatus, mtumishi wa Salha pale kijijini, na namba yake ya simu chini. Wafugaji walikuja mchana kweupe, ng'ombe mbele na wanawake nyuma, kwa utulivu wa watu walioalikwa. Kwao ulikuwa ni msimu wa mabua, na mwenye namba alionekana kuwa ndiye mwenyeji. Walilala pembezoni, na kulipokucha wakaingiza mifugo shambani kwa Elieza; walipoulizwa nani kawaruhusu, wakaonyesha namba ya Optatus.

Salha alimwambia dereva wake, Ibrahimu, awashe gari. Ibrahimu alijaribu kumwambia kwamba kutuliza vita ni kazi ya polisi. Salha akamjibu kwamba namba iliyomfunga Optatus pale nguzoni aliiweka yeye. Walipita Buigiri, wakaiacha lami, na kabla hawajaiona Mlali walisikia harufu ya nyama mbichi inayoungua na manyoya yake.

Ng'ombe walikuwa wamelala barabarani, miguu ya nyuma imekatwa, wakijaribu kusimama kwa magoti na kuanguka. Mmoja alikuwa analia kwa sauti ya binadamu kabisa. Kijana aliyechomwa mshale pajani alikuwa amekaa kando ya njia akiutazama, kana kwamba anasubiri mtu aje amwambie aufanyeje. Polisi wachache walikuwa ng'ambo ya korongo wakiwazuia wafugaji wasirudi na mikuki yao. Upande huu hapakuwa na serikali. Ibrahimu alisimamisha gari mbali na ghala, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ana watoto. Salha alishuka peke yake. Alikuwa anaogopa.

Umati ulimpisha. Mbele yake alisimama Evelina, mjane wa Elieza, kanga yake imelowa damu ya mume, mkononi ana mpini wa jembe. Nyuma yake ndipo alipokuwa Optatus. Uso wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba Salha alimtambua kwa shati. Salha akatoa pole ya msiba, akajitambulisha kwamba ndiye mkuu wa Optatus, akaomba afunguliwe apelekwe hospitali.

"Pole nimeipokea," Evelina akasema. "Sasa nipe jina la mtu. Nani aliwaambia shamba la mume wangu ni malisho?"

Salha akafungua mdomo, na lugha ya ofisini ikatoka yenyewe. Alisema kumejitokeza changamoto katika mfumo. Evelina alimgeukia Optatus na kumpiga mpini mbavuni, na kitu kikavunjika, na kila mtu alisikia. Kisha akamgeukia tena Salha na kungoja.

Mfa maji haachi kutapatapa. Salha akasema yalikuwa makubaliano ya nchi kumi na mbili, si ya mtu mmoja. Mpini ukashuka gotini kwa Optatus. Akasema setilaiti iko juu sana, haiwezi kutofautisha jani na jani. Mpini ukashuka tena palepale, na safari hii Optatus alipiga yowe ambalo Salha hakujua kwamba mwanamume mzima anaweza kulitoa.

Optatus alipopata pumzi, alimtetea Salha. Ndicho alichokuwa akifanya tangu asubuhi.

"Mama, wasamehe," alisema, mate na damu vikimtoka. "Hawa watu wa mjini hawazijui mbaazi. Hata dada Salha hakujua. Angejua asingetufanyia hivi."

Evelina akautupa mpini, akapokea panga la marehemu mumewe kutoka kwa mtu aliyekuwa nyuma yake. Umati ukasogea. Salha akaona kwamba yule kijana anakufa akiwa na uongo wa kumtetea yeye kinywani, uongo ambao hata hajui kuwa ni uongo, na aibu ikamkaba kuliko hofu.

"Nilijua," akasema.

Panga likasimama.

"Nilijua mbaazi zitaonekana malisho. Nilisema mara moja, kisha nikanyamaza ili ofisi ije Dodoma. Namba ya Optatus niliiweka mimi, na sikumwambia. Jina unalolitaka ni Salha."

Evelina akaenda nguzoni, akakata kamba kwa panga. Optatus akaanguka, akajikokota, akainuka kwa kushikilia nguzo. Salha ndiye aliyemwajiri, na harusini kwa Optatus Salha alikaa meza ya ndugu.

"Ulijua, dada?" Optatus akauliza.

"Nilijua."

Evelina akaokota mpini wa jembe na kuuweka mikononi mwa Optatus, kisha akarudi nyuma akajiunga na wenzake. Kule barabarani Ibrahimu alikuwa amekwisha kugeuza gari na anapiga honi, mara ndefu, mara fupi. Njia ilikuwa wazi, na Salha aliiona. Lakini alimwona pia Optatus akitweta upande mmoja wa kifua, akakumbuka kila pigo na neno lililolileta, na miguu yake ikakataa kwenda.

Pigo la kwanza lilimvunja Salha mtulinga wa bega. Alipiga magoti mavumbini, mkono mmoja ukining'inia, na maumivu yalikuwa makubwa kuliko alivyowahi kudhani. Alipoinua uso, Optatus alikuwa analia, mdomo wazi, bila sauti. Akauinua mpini tena kwa mikono yote miwili, na katika watu wote wale hakuna aliyemshika.