Ugonjwa wa Kurudisha

Wataalamu walikuja kijijini kwetu Maguu na kirusi walichokitengeneza wenyewe. Kazi yake ilikuwa moja: kunguni wanaofyonza kahawa wakikipata, warudi msituni walikotoka. Mtaalamu Placidi, aliyenipokea ndoo kisimani siku ya kwanza, alituhakikishia kwamba kwa binadamu hakifanyi kitu.

Wiki ya tatu jirani yangu Raimundi alinirudishia shoka. Alikuwa ameliazima tangu mume wangu akiwa hai.

"Mama, sijui nina nini," alisema, jasho likimtiririka. "Sikuweza kukaa nalo tena. Nimelinoa."

Kesho yake njia zilijaa watu wenye homa, wamebeba masufuria, ngazi na majembe ya wenzao. Placidi aliitisha mkutano kutuambia kirusi kimedhibitiwa. Alipomaliza alimrudishia Padri kiti na mwavuli, akaomba radhi kwa vyote viwili. Tulicheka. Ila mkubwa mmoja wa mjini alipotuletea lori la mabati ya zahanati yetu, yaliyopotea kabla hayajaezekwa, siku hiyohiyo ikatangazwa hali ya hatari.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa na Eunice.

Mama yake ni Hedwiga, binti wa marehemu dada yangu, anayeishi Lituhi ziwani. Alipougua kifua nilimchukua mtoto kwa muhula mmoja. Sasa Eunice yuko darasa la tano. Hedwiga alipona zamani. Mara mbili ameomba mwanawe, mara mbili nimemjibu tungoje kahawa ivunwe. Basi nikawa najigusa paji la uso asubuhi na jioni, nikiogopa kuugua nikampoteza.

Jumamosi nilijikuta nakunja nguo zake.

"Bibi, na wewe umeupata?"

"Nadhani."

"Unauma wapi?"

Nikamwonyesha kifuani. Akanichunguza.

"Mzee Raimundi alisema unaanzia magotini."

Kwenye kizuizi cha barabara ya kushukia ziwani, muuguzi Emiliana alinipa shikamoo, akampisha Eunice kwenye kigoda chake, kisha akanipima.

"Bibi, huna homa wala kirusi. Mzima kabisa. Rudini nyumbani."

Nilimwomba apime tena. Akapima bila kununa. Jibu lilikuwa lilelile. Eunice alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa najitazama vilevile, nikitafuta ni nani basi aliyekunja zile nguo.

"Twende nyumbani?" akauliza Eunice.

"Hapana."

"Wazima hawaruhusiwi kupita," alisema Emiliana. "Wagonjwa tu, maana wao tumeshindwa kuwazuia. Lituhi unafuata nini?"

"Nampeleka huyu kwa mama yake. Nimechelewa miaka minne."

 Emiliana akaandika kwenye daftari lake kwamba mimi ni mgonjwa, akashusha kamba.

Eunice alinipokea mfuko wa nguo. Tulipoanza kuteremka aliuliza kama nitalala huko, hata siku mbili.

"Tutamuuliza mama yako," nikasema.