Sahani Iliyolambwa

Gentil hakuwa mtu wa wivu. Waulize majirani zake wa mtaa wa Nyalukemba. Wenzake walipomaliza chuo, yeye akiwa nyumbani anamgeuza mama yake kitandani, aliwapigia makofi. Mchumba wake alipoolewa na mwingine, alienda arusi na keki akala. Lakini siku Sagesse alipomlisha mama huyo, Maman Madeleine, sahani nzima ya bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wivu wa miaka yote ulimjia kwa mpigo.

Sagesse alitoka kikundi cha parokia, cha vijana wanaotunza wagonjwa wa kwao bila mshahara wala asante. Kila Jumamosi, mmoja anakaa na mgonjwa wa mwenzake, ili mwenye mgonjwa aende parokiani anywe chai, alalamike, acheke. Gentil hakuwa amepata mchana wake tangu kiharusi kimpoozeshe mama upande wa kulia, mkono na mguu visisikie kitu. Jumamosi ya kwanza alilala kwenye benchi la parokia mdomo wazi, wenzake wakampiga picha. Raha tupu!

Kurudi nyumbani, sahani imelambwa.

"Amekula yote?"

"Yote. Maman iko na appétit kama dereva wa camion," Sagesse akasema.

Na Maman Madeleine, ambaye kwa Gentil alifunga mdomo kama banki siku ya sikukuu, akacheka. "Mutoto wa watu anajua kupika."

Anajua kupika! Kwenye kitako cha sufuria, sambaza zilikuwa makaa matupu.

Wiki nzima Gentil alihangaika na jiko. Akapunguza chumvi, mama akakataa. Akaongeza nyanya, akakataa.

"Kijiko kimoja tu, maman."

"Peleka huko. Kula weye, umekonda kama antenne."

Jumamosi Sagesse alipobisha hodi, Gentil alijaa mlangoni.

"Leo hapana, mon frère. Maman amechoka."

"Na weye?"

"Miye niko sawa."

"Gentil, umevaa shati ndani nje."

"Iko mode ya siku hizi."

"Gentil!" mama akaita toka chumbani. "Unaacha mugeni inje?"

Gentil akaingia kwa mama yake, akafunga mlango, na yote yakamwagika. "Basi yeye awe mutoto wako! Kwake unalamba sahani, kwangu unatema! Nikienda huko parokia, nikirudi nitakuta hata jina langu umesahau!"

Mama alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi sebuleni.

"Weye ulilelewa wapi? Mugeni akikupikia, unamukatalia? Zile sambaza zilikuwa chungu kama dawa ya kinini! Nilimeza tu, tumbo likaniuma mpaka Jumatatu."

"Sasa mbona haukusema?"

"Niseme kwa mutoto wa watu? Weye ndiye naweza kukatalia."

Gentil akakumbuka vile mama huyohuyo alivyomfinya paja utotoni, kwa kukunja uso mbele ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyopika jirani. Akafungua mlango, meno yote nje.

"Karibu, mugeni! Mugeni wetu kabisa! Umupikie sambaza nyingi."

Akashuka barabara akipiga mluzi.

Jumamosi zikafuatana, benchi la parokia likamzoea. Kisha siku moja alirudi akamkuta Sagesse kibarazani, uji umemmwagikia kifuani.

"Leo amenikatalia. Eti, 'Peleka huko, mukaidi, kila siku unaunguza!'"

Gentil alianza kucheka, halafu kicheko kikakwama nusu ya njia. Kumkatalia? Tangu lini mgeni akakataliwa kama mtoto wa nyumbani?

"Sagesse!" mama akaita. "Kuja unifunike miguu, unazurura wapi?"

"Naenda miye," Gentil akasema.

"Ameita miye."

Wakaingia pamoja, mabega yakakwama mlangoni, hakuna anayerudi nyuma.

"Muko wawili, na miguu iko miwili," Maman Madeleine akasema. "Munagombania nini?"

"Jumamosi nikuje tena?" Sagesse akanong'ona.

"Kuja," Gentil akajibu, na kabla mwenzake hajainama akawahi kuufunika mguu wa kushoto, ule unaosikia.